Kudarizi Mfarishi wa Kanga kwa Cherehani ya Mkono Mrefu: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila ninapopeleka mfarishi wa kanga kwa mzazi aliyejifungua, maswali ni yaleyale. Cherehani yake bei gani? Lazima uwe fundi? Kanga si nyepesi, haitachanika? Nimeshayajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na nikiwa nimesimama jikoni kwa watu na sinia mkononi. Hapa nayajibu yote pamoja. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakata kitambaa, maana makosa mengi ya mashine hii hufanyika nyumbani, siku moja kabla ya kuigusa.

Tuelewane kwanza. Mfarishi una tabaka tatu: uso, ambao kwetu hapa ni kanga, kisha pamba katikati, na bitana chini. Kudarizi ni kupitisha mshono unaozishika tabaka zote tatu, na mshono huohuo ndio pambo. Kwa cherehani ya kawaida unasukuma nguo chini ya sindano, na mfarishi mkubwa unakuelemea mabegani. Kwa hii, nguo imetandazwa kwenye fremu ya mita tatu au zaidi na kufungwa kwenye rola, halafu mashine yenyewe ndiyo inayotembea juu ya reli. Unaishika mishikio miwili kama usukani wa baiskeli, unachora kwa sindano. Ukijua kuandika jina lako bila kuinua kalamu, mkono unao tayari.

Usinunue. Mashine mpya na fremu yake ni maelfu ya dola, na zile kubwa hupita 20,000. Hapa Marekani maduka mengi ya vitambaa vya mifarishi huikodisha kwa saa au kwa siku, baada ya somo fupi. Iulizie kwa jina lao, longarm. Mimi niko Lexington, Kentucky, ambako Kiswahili siku hizi unakisikia dukani na kanisani kwa sababu ya ndugu zetu waliotoka Kongo. Mwendo wa kama saa nne kwa gari kuelekea magharibi ni Paducah, mji wenye Makumbusho ya Taifa ya Mifarishi tangu 1991. Ukipata nafasi nenda. Usiishie kutazama rangi. Sogea karibu uone mishono inavyopita, inavyogeuka, inavyojificha kwenye maungio. Siku moja pale ilinifundisha kuliko wiki nzima ya kutazama video.

Nimechagua kanga kwa sababu ni kipande kimoja. Anayeanza kwa vipande mia vilivyounganishwa anapambana na vitu viwili kwa wakati mmoja, mishono ya kuunganisha na mishono ya kudarizi. Kanga imeshapangwa tayari: pindo, mji na jina. Kazi yako ni kuifuata.

MAHITAJI

- Kanga moja ya pamba tupu, takribani sentimita 150 kwa 110. Kama huna uhakika, chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Ya poliesta iache kwa sasa.
- Bitana ya pamba isiyo na maua, angalau sentimita 170 kwa 130. Maduka ya mifarishi huuza kitambaa cha upana wa inchi 108 kwa kazi hii, kwa hiyo hakihitaji kuungwa.
- Pamba ya kujazia iliyo bapa kama karatasi, ya kutandazwa, si ya kuchambua. Mchanganyiko wa pamba asilimia 80 na poliesta 20 ni mtulivu kwa mkono mpya. Ikate kwa ukubwa wa bitana.
- Uzi wa poliesta namba 40 wa koni, na bobini (vijigurudumu vya uzi wa chini) tatu au nne zilizojazwa. Maduka mengi hutaka utumie uzi wanaoujua, basi uliza kabla ya kununua.
- Sindano mpya. Kwa kanga naomba namba 16. Namba 18 huacha matundu kwenye kitambaa chepesi.
- Pini nyingi, tepu ya kupimia, mkasi mdogo, kijisu cha kufumulia, na pasi ya mvuke.
- Mita moja ya kitambaa chochote cheupe cha pamba, cha kufanyia mazoezi.
- Saa nne zisizo na haraka. Usiende siku ambayo una zamu jioni.

HATUA KWA HATUA

1. Fua kanga peke yake. Kanga mpya ina wanga na rangi isiyotulia, hasa nyekundu na nyeusi. Tumia maji baridi, rudia hadi yatoke meupe. Bitana nayo ifue. Usipofua, siku mtoto atakapoumwagia mfarishi maziwa na mama akaufua, nyekundu ya pindo itaingia kwenye bitana na haitoki tena.

2. Nyoosha kanga kabla ya kuipiga pasi. Mara nyingi kanga imechapwa kwa mshazari kidogo: pindo halikwenda sawa na nyuzi za kitambaa. Ikunje katikati utazame. Kama pembe hazikutani, mshikishe mwenzio pembe moja, wewe shika ile ya mkabala, mvutane kwa mshazari, kisha piga pasi ya mvuke. Ukikata, fuata pindo, usifuate uzi. Jicho la mtu litaona pindo lililopinda, halitaona uzi.

3. Kata bitana, na kata kubwa. Hili ndilo kosa nililolifanya mimi, na ndilo ninaloulizwa zaidi: “Kwa nini nisitumie doti nzima, kanga moja juu na nyingine chini?” Kwa sababu zinalingana. Bitana lazima ipite uso kwa sentimita 10 kila upande, juu, chini, kushoto, kulia. Ziada hiyo ndiyo inayofungwa kwenye rola, ndiyo inayoshikwa na vibanio vya pembeni, na ndiyo utakayojaribia mkazo wa uzi. Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa doti, zawadi ya mama kutoka Tanga. Nilipofika safu ya mwisho bitana ilikuwa imekwisha sentimita nne kabla ya kanga, na mashine haikuwa na pa kushika. Nilikata pindo lote la chini, pamoja na jina lake. Maneno yalikuwa WEMA HAUOZI. Kipande hicho bado ninacho kwenye droo.

Kama moyo wako uko kwenye doti, shona ukanda wa sentimita 15 kuzunguka kanga ya chini ili ipate ukubwa. Lakini jua kwamba majina mawili, la juu na la chini, hayatakutana. Tabaka husogea kidogo kila ukikunja. Ushauri wangu ni bitana isiyo na maua. Kanga ya pili jifunge.

4. Fika dukani na uandae mashine. Badilisha sindano hata kama iliyopo inaonekana nzima. Mfereji mrefu wa sindano unatazama mbele, upande unaotungiwa uzi; kibonde kifupi kilicho juu ya tundu kinatazama nyuma, kwenye ndoano inayodaka uzi kwa chini. Isukume juu hadi igote, kisha kaza skrubu. Safisha vumbi la nyuzi kwenye nyumba ya bobini kwa brashi, na tia tone la mafuta kwenye ndoano kama wenye mashine wanavyoelekeza. Tone, si mmiminiko. Mafuta yakizidi yatadondokea kanga.

Kuna usalama pia. Funga mtandio wako vizuri na ukunje mikono ya nguo. Mashine inatembea kwenye reli, na magurudumu yake hayachagui kati ya uzi na ncha ya mtandio.

5. Funga bitana kwenye fremu. Upande mzuri wa bitana unatazama chini, sakafuni. Kila rola ina kipande cha turubai kilichowekwa alama katikati. Kunja bitana upate katikati yake, linganisha na alama, kisha bana pini kutoka katikati kwenda kulia, halafu kutoka katikati kwenda kushoto, kila baada ya sentimita tano au sita. Ukingo wa juu unakwenda kwenye rola ya nyuma, ule wa chini kwenye rola iliyo karibu nawe. Urefu wa kanga, zile sentimita 150, ulale sambamba na rola. Hivyo utakunja mara chache.

Kunja hadi bitana inyooke, kisha weka vibanio vya pembeni. Usiikaze kama ngozi ya ngoma. Pitisha kidole chini yake na ukisukume juu: kwa mkono wa pili uweze kukishika kidole hicho kupitia kitambaa. Bitana iliyokazwa kupita kiasi inafanya mashine iruke mishono, na ukiufungua mfarishi unajikunja wenyewe kama samaki mkavu.

6. Tandaza pamba, kisha kanga. Laza pamba juu ya bitana, uipapase kutoka katikati kwenda nje. Mashine nyingi zina kufuli inayoifanya itembee mstari mmoja ulionyooka. Iwashe, ushone mstari mmoja wa bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, juu kabisa, kutoka kushoto hadi kulia. Huo ndio mstari wako wa kweli. Sasa laza kanga, ukingo wake wa juu ukiufuata mstari huo, na uishikize kwa bandi milimita tano kutoka ukingoni. Sehemu iliyobaki ya kanga iachwe ining'inie mbele yako; haina haja ya kufungwa kwenye rola yake.

Usiiamini fremu ikuonyeshe kilichonyooka, wala macho. Uamini ule mstari.

7. Jaribu mkazo wa uzi pembeni, kwenye ziada ya bitana na pamba. Weka kile kitambaa cheupe juu yake kama uso, na utumie uzi wa rangi tofauti juu na chini ili uone. Anza na bobini. Weka kikopo chake kwenye kiganja, vuta uzi juu taratibu: kikopo kisimame wima, lakini kisiondoke kiganjani. Kikibaki kimelala, uzi umelegea, kikinyanyuka, umekaza. Skrubu yake izungushe kidogo sana, chini ya robo mzunguko kwa kila jaribio. Ukishatulia hapo, usiiguse tena. Marekebisho mengine fanya kwenye uzi wa juu.

Shona mistari, duara na kona kali. Kisha piga magoti utazame chini. Kama magoti yanauma, ingiza simu chini ya fremu upige picha; mimi hufanya hivyo kila mara. Kwenye duara ndiko uongo unapoonekana, mstari mnyoofu huficha mengi.

8. Fanya mazoezi kwenye kitambaa hichohicho cheupe kwa nusu saa. Kidhibiti mshono kikiwepo, kiweke mishono 10 kwa inchi. Kitaongeza na kupunguza kasi ya sindano kulingana na mwendo wa mkono wako. Chora mawimbi, halafu vitanzi, halafu herufi “e” na “l” zilizofuatana kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nyumbani ungekuwa umeshazichora kwenye karatasi, ukurasa baada ya ukurasa, bila kuinua kalamu. Mkono ukishajua pa kwenda, macho yanapata nafasi ya kutazama mbele.

Legeza vidole. Anayeshika kwa nguvu hupata mawimbi yenye meno. Simama miguu ikiwa imeachana, zungusha mwili mzima kutoka kiunoni, usitumie vifundo vya mikono peke yake.

9. Anza kanga yenyewe. Shusha sindano mara moja na uinue, vuta uzi wa juu ili uzi wa bobini uje juu, shika zote mbili pembeni, ushone mishono midogo mitatu au minne mahali pamoja, kisha ondoka. Usipovuta uzi wa chini juu utakuta kiota cha nyuzi kwenye bitana, na kiota hicho hakifumuki bila kuacha alama.

Mchoro gani? Kwa mji wa kanga nashauri mawimbi mapana, sentimita nne au tano kati ya moja na jingine. Kama mji una korosho kubwa, unaweza kuzizunguka kwa nje, polepole, mstari mmoja. Zikishazungukwa huinuka kama zimechongwa. Kwenye pindo shona vitanzi. Jina liache. Zungushia mstari mmoja nje ya kisanduku chake, herufi zibaki bila mshono juu yake, ili mtu aendelee kulisoma. Tazama kwanza kwenye pakiti ya pamba kuna umbali gani unaoruhusiwa kati ya mishono. Nyingi huruhusu inchi 8 au zaidi, na kimo cha kisanduku cha jina ni kidogo kuliko hapo.

10. Kila ukimaliza eneo, piga bandi kingo za kushoto na kulia za kanga kabla hujakunja. Kisha, kwa mpangilio huu bila kuruka: sindano juu, kata uzi, TOA VIBANIO VYA PEMBENI, fungua breki ya rola, kunja, funga breki, rudisha vibanio. Ukisahau vibanio, bitana inavutwa mshazari au inachanika pembeni. Nakiandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimekiona kikiwatokea watu waliozoea.

Baada ya kukunja, pima kwa tepu kutoka rola hadi pindo, kushoto, katikati na kulia. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, vuta kanga taratibu kuirudisha. Kwenye safu ya pili unarekebisha kwa vidole. Kwenye safu ya nne unarekebisha kwa machozi. Na kila ukikunja, tazama chini. Kila mara. Usingoje kumaliza.

Eneo unaloweza kulifikia bila kukunja ni kama sentimita 30 hadi 40 kwenye mashine za kukodi, kwa hiyo kanga moja ni safu tatu au nne, yaani kukunja mara mbili au tatu.

11. Safu ya mwisho piga bandi ukingo wa chini kwanza, ndipo udarizi. Ukidarizi kwanza, kanga husukumwa chini na kubaki na mikunjo kwenye pindo, mahali penyewe jina lilipo.

12. Ushushe, ukate, upinde ukingo. Utandaze mezani, kata pamba na bitana sawa na kanga. Kata kanda za upana wa sentimita sita na nusu, ziunge upate urefu wa kama mita tano na nusu, kunja mara mbili kwa urefu upige pasi, shona upande wa uso kwa cherehani ya kawaida, kisha geuza nyuma na umalizie kwa mkono. Usitumie kanga yenye maua mengi kwa ukingo. Rangi moja iliyochukuliwa kutoka kwenye pindo inatosha.

IKIKUKOROFISHA

Cherehani inakata uzi. Vua uzi wote, utungie upya tangu kwenye koni. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, badilisha sindano. Bado? Legeza uzi wa juu kidogo. Ukiendelea kukatika mahali palepale pa kanga, hapo pana rangi nene au wanga uliobaki, punguza mwendo.

Inaruka mishono. Sindano imegeuka au imepinda, au bitana imekazwa mno. Anayevuta mashine kwa kasi kurudi nyuma huipata shida hii upande mmoja tu wa duara.

Chini kuna vitanzi vidogo kwenye kona, kama kope za jicho. Uzi wa juu umelegea, au unakata kona kwa kasi. Kaza uzi wa juu nusu mzunguko, ujaribu pembeni, na upole kwenye kona.

Chini uzi wa bobini umelala mstari mnyoofu, unauvuta kwa ukucha unatoka. Uzi wa juu umelegea mno. Ukiuona mstari kama huo juu ya kanga, kinyume chake: wa juu umekaza mno. Sehemu iliyoshonwa hivyo ifumue, haitadumu kwenye kufuliwa.

Bitana ina mkunjo ulioshonwa ndani. Ilifungwa bila kunyooka kwenye rola. Fumua eneo hilo tu, anzia sentimita tano kabla ya mkunjo, nyoosha kutoka upande wa vibanio, ushone tena juu ya mishono ya zamani kwa sentimita mbili.

Kanga imejaa mawimbi katikati. Ilipigwa pasi kwa kuvutwa. Inyunyizie maji, ipige mvuke kwa pasi iliyoinuliwa bila kuigusa, ingoje ikauke kabisa, kisha idarizi kwa mishono iliyokaribiana kidogo zaidi hapo. Mawimbi makubwa kuliko hayo yabane kwa pini yaenee, usiyasukume yote upande mmoja.

Bobini imeisha katikati ya mchoro. Rudi nyuma sentimita mbili juu ya mshono uliopo, vuta uzi mpya juu, funga kwa mishono midogo, endelea. Ncha za nyuzi zipitishe kwa sindano ya mkono hadi ndani ya pamba, usizikate usawa wa kitambaa, kwa sababu zitafumuka mfarishi ukifuliwa mara ya kwanza.